Vigezo vya amri ndogo kwenye skripti za klasi: argparse, Click, Typer au Fire?

Skripti nyingi za Python huanza na kazi moja tu. Mwenye kazi akishaizoea, anaomba nyongeza, halafu nyingine. Skripti iliyokuwa inaandika michango ya kikoba sasa inatakiwa iandike mikopo, ipokee marejesho na itoe ripoti ya mwezi. Hapo ndipo amri ndogo zinapoingia: `kikoba changa`, `kikoba kopesha`, `kikoba ripoti`, kwa mtindo uleule wa `git commit` na `git push`.

Kuzipa amri majina ni kazi rahisi. Kazi iko kwenye vigezo. `kopesha` inahitaji kiasi na idadi ya miezi. `ripoti` haihusiki na miezi ya mkopo. Yenyewe inataka kujua mwezi gani na itoe faili la aina gani. `--daftari`, inayoonyesha faili la hesabu, ni ya amri zote. Na ukiwa umeshapanga kazi yako kwa klasi, kuna swali la kujibu kabla ya kuandika chochote: kigezo cha `kopesha` kitatangazwa wapi, na kitaifikiaje methodi inayokitumia?

Jibu baya ni kurundika vigezo vyote sehemu moja juu ya faili, kisha kuchambua kwa `if` na `elif` amri ipi imeitwa. Skripti ya namna hiyo hufanya kazi, lakini hukubali `kikoba ripoti --miezi 6` bila kulalamika, na msaada wake (`--help`) huonyesha machaguo yote kwa pamoja bila kusema lipi ni la nani. Mweka hazina anayesoma msaada huo hawezi kujua aandike nini. Kwa hiyo katika kulinganisha njia nne zilizo maarufu nimepima jambo moja kuliko mengine yote: je, kigezo kinakaa karibu na msimbo unaokitumia, na amri nyingine hazikijui kabisa?

## argparse: klasi moja kwa kila amri

argparse imo ndani ya Python yenyewe tangu matoleo ya 2.7 na 3.2. Watu wengi huiona ni nzito na yenye maneno mengi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini ukiipanga vizuri inakubaliana sana na klasi. Siri ni kuacha kila klasi itangaze vigezo vyake yenyewe:

```python
import argparse
from pathlib import Path

class Amri:
    jina = ""
    maelezo = ""

    def ongeza_vigezo(self, p):
        pass

    def tekeleza(self, daftari, a):
        raise NotImplementedError


class Kopesha(Amri):
    jina = "kopesha"
    maelezo = "Andika mkopo mpya wa mwanachama"

    def ongeza_vigezo(self, p):
        p.add_argument("mwanachama")
        p.add_argument("--kiasi", type=int, required=True)
        p.add_argument("--miezi", type=int, default=3,
                       choices=range(1, 13))

    def tekeleza(self, daftari, a):
        daftari.andika_mkopo(a.mwanachama, a.kiasi, a.miezi)


def kuu(argv=None):
    k = argparse.ArgumentParser(prog="kikoba")
    k.add_argument("--daftari", type=Path, default=Path("kikoba.db"))
    ndogo = k.add_subparsers(dest="amri", required=True)
    for klasi in (Changa, Kopesha, Ripoti):
        amri = klasi()
        p = ndogo.add_parser(amri.jina, help=amri.maelezo)
        amri.ongeza_vigezo(p)
        p.set_defaults(tekeleza=amri.tekeleza)
    a = k.parse_args(argv)
    a.tekeleza(Daftari(a.daftari), a)
```

`Changa`, `Ripoti` na `Daftari` sikuziandika hapa ili mfano uwe mfupi. Tazama `set_defaults`. Kila kichanganuzi kidogo, yaani `p` inayosoma vigezo vya amri moja, kinabeba methodi ya amri yake, na kwa kuwa `amri.tekeleza` imechukuliwa kutoka kwenye obiekti iliyokwisha kuundwa, `self` tayari imo ndani. Hakuna `if` hata moja. Ukitaka amri mpya unaandika klasi, unaiongeza kwenye orodha ile ya mabano, basi. Wapo wanaopenda kuitumia `Amri.__subclasses__()` ili hata orodha isiwepo. Mimi siipendekezi, kwa sababu klasi iliyoko kwenye moduli ambayo haijaletwa kwa `import` haitaonekana, na mtu atatafuta muda mrefu kwa nini amri yake haipo. Orodha iliyoandikwa wazi inasomeka na haifichi kitu.

Mtindo huu si wa kubuni. Django huutumia kwa amri za `manage.py`: unaandika klasi inayorithi `BaseCommand`, vigezo vinaingia kwenye `add_arguments`, kazi inafanyika kwenye `handle`, na tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015 kilicho chini yake ni argparse. pip nayo ina klasi moja kwa kila amri, yenye `add_options` na `run`, ingawa yenyewe imebaki na optparse, mtangulizi wa argparse. Na aliyetokea upande wa PHP atajiona yuko nyumbani: Symfony Console, na Artisan ya Laravel iliyojengwa juu yake, huanza na klasi moja kwa kila amri.

Sasa mitego yake, maana ipo na inauma.

Wa kwanza ni `required=True` pale kwenye `add_subparsers`. Kigezo hicho kiliongezwa kwenye Python 3.7, na chaguomsingi lake ni kutolazimisha. Ukikisahau, mtu akiandika `kikoba` peke yake hapati ujumbe wa maana. Anapata `AttributeError` kwa sababu `a.tekeleza` haipo. Weka na `dest`, ili ujumbe wa kosa uwe na jina la kutaja.

Wa pili ni mahali pa chaguo la pamoja. Kwa mpangilio wa hapo juu, `kikoba --daftari 2025.db kopesha ...` inakubalika, lakini ukiipeleka `--daftari` mwisho wa mstari unajibiwa `unrecognized arguments`. Kichanganuzi kikuu kikishaliona jina la amri ndogo, kila kinachofuata hukabidhiwa kichanganuzi kidogo, na hicho hakiijui `--daftari`. Git nayo iko hivyo kwa machaguo yake makuu: `git -C njia log` ni sahihi, lakini `-C` ikija baada ya `log` inachukuliwa kuwa ni chaguo la `log`, lenye kazi nyingine.

Wanaotaka chaguo likubaliwe pande zote mbili huliandika kwenye kichanganuzi kikuu, kisha wakalirudia kwenye vidogo kupitia `parents`. Hapo ndipo mtego wa tatu ulipojificha, na ni mbaya kuliko yote kwa sababu hautoi kosa. Mtu anaandika `kikoba --daftari 2025.db kopesha ...`, kichanganuzi kikuu kinaisoma vizuri, kisha kichanganuzi kidogo kinakuja na chaguomsingi lake la `kikoba.db` na kukifuta kilichosomwa. Mkopo unaandikwa kwenye daftari lisilo lake, na skripti inamaliza kana kwamba yote ni salama. Dawa yake ni kumnyima mdogo chaguomsingi:

```python
pamoja = argparse.ArgumentParser(add_help=False)
pamoja.add_argument("--daftari", type=Path,
                    default=argparse.SUPPRESS)
...
p = ndogo.add_parser(amri.jina, help=amri.maelezo,
                     parents=[pamoja])
```

Kwa `SUPPRESS`, kichanganuzi kidogo hakiandiki chochote isipokuwa mtumiaji amelitaja chaguo lenyewe. Ukiikuta skripti yenye chaguo lilelile juu na chini bila `SUPPRESS`, irekebishe kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Jingine dogo: usiandike `type=bool`. `bool("False")` kwa Python ni kweli, kwa hiyo `--lipwa False` itamaanisha imelipwa. Tumia `action="store_true"`, au `argparse.BooleanOptionalAction` iliyokuja na Python 3.9, inayokupa `--lipwa` na `--no-lipwa` kwa mkupuo.

## Click: dekoreta, na tatizo la self

Click ilianzishwa na Armin Ronacher mwaka 2014 na inatunzwa na mradi wa Pallets, haohao wa Flask. Amri ya `flask run` unayoijua inapita ndani ya Click. Ni zana iliyokomaa, na msaada wake kwa mtumiaji umepangwa vizuri bila jasho lako.

Lakini Click ilifikiriwa kwa fanksheni. Wanaokuja nayo kwenye klasi kwa kawaida huanza kwa kuweka dekoreta, yaani alama ya `@` inayobadili fanksheni iliyo chini yake, kama `@click.command()`, juu ya methodi, kisha wanapokea `missing 1 required positional argument: 'self'`. Sababu ni kwamba dekoreta ile huigeuza methodi kuwa obiekti ya `Command`. Python hufunga `self` kwenye fanksheni iliyoko ndani ya klasi. Obiekti ya `Command` si fanksheni, hivyo haifungwi na chochote.

Njia iliyonyooka ni kuiacha klasi ibaki na kazi yake, na kuiweka Click mlangoni tu:

```python
import click

@click.group()
@click.option("--daftari", type=click.Path(dir_okay=False),
              default="kikoba.db")
@click.pass_context
def cli(ctx, daftari):
    ctx.obj = Kikoba(daftari)

@cli.command()
@click.argument("mwanachama")
@click.option("--kiasi", type=click.IntRange(min=1), required=True)
@click.option("--miezi", type=click.IntRange(1, 12), default=3,
              show_default=True)
@click.pass_obj
def kopesha(kikoba, mwanachama, kiasi, miezi):
    """Andika mkopo mpya wa mwanachama."""
    kikoba.kopesha(mwanachama, kiasi, miezi)
```

Kundi kuu linaunda `Kikoba` mara moja na kuiweka kwenye `ctx.obj`, kila amri ndogo inaipokea kwa `pass_obj`. Vigezo vya `kopesha` viko juu ya `kopesha`, na `ripoti` haina habari navyo. Gharama yake ni kwamba kila kitu unakiandika mara tatu: jina la kigezo kwenye dekoreta, kisha kwenye fanksheni, kisha kwenye methodi unayoiita. Kwa amri tatu huoni shida. Kwa skripti yenye amri nyingi zinazobadilika kila mwezi, marudio hayo huchosha, na ukibadilisha jina sehemu moja ukasahau nyingine, kosa utaliona siku amri itakapoendeshwa.

Asiyetaka fanksheni za pembeni anaweza kuunda amri kwa mkono ndani ya `__init__`:

```python
self.cli.add_command(click.Command(
    "kopesha", callback=self.kopesha,
    params=[
        click.Argument(["mwanachama"]),
        click.Option(["--kiasi"], type=int, required=True),
    ]))
```

Inafanya kazi, kwa kuwa `self.kopesha` tayari imefungwa na obiekti yake. Ila ukifika hapo umeshaacha sehemu kubwa ya utamu wa Click, na unaandika kitu kinachofanana sana na argparse.

Click inawapita wenzake kwenye mambo ya pembeni. `prompt=True` pamoja na `hide_input=True` humwomba mtumiaji nywila bila kuionyesha kwenye terminali. `auto_envvar_prefix` huruhusu vigezo visomwe kutoka kwenye mazingira ya mfumo, jambo linalofaa sana kwa kazi za cron, zile ambazo mfumo huziendesha wenyewe kwa ratiba. Kwa majaribio kuna `CliRunner`, inayoendesha amri ndani ya Python na kukupa matokeo pamoja na msimbo wa kutoka, namba inayosema kama amri imefaulu au imeshindwa. Na kwa zana kubwa unaweza kuirithi `click.Group` na kuandika upya `list_commands` na `get_command`, ili moduli za amri zisipakiwe mpaka zinapoitwa.

## Typer: aina za Python ndizo vigezo

Typer ni ya Sebastián Ramírez, mwanzilishi wa FastAPI. Ilitoka mwishoni mwa 2019, ikiwa imejengwa juu ya Click. Wazo lake ni kwamba umeshaandika jina la kigezo, aina yake na chaguomsingi lake kwenye methodi, kwa nini uyaandike tena? Kigezo kisicho na chaguomsingi kinakuwa hoja ya lazima, yaani thamani inayoandikwa bila `--`, isipokuwa umekipa `typer.Option` kama `kiasi` hapo chini. Chenye chaguomsingi kinakuwa chaguo la `--`. Na `bool` inazaa jozi ya `--lipwa` na `--no-lipwa`.

Kwenye klasi, kosa la `self` lipo vilevile. Ukitumia `@app.command()` ndani ya mwili wa klasi, Typer inaiona `self` kama kigezo cha kawaida na kumdai mtumiaji aijaze. Msaada utaonyesha `SELF` miongoni mwa hoja. Tofauti na Click ni kwamba suluhisho ni jepesi mno: sajili methodi baada ya obiekti kuundwa.

```python
from pathlib import Path
from typing import Annotated
import typer

class Kikoba:
    def __init__(self):
        self.daftari = None
        self.app = typer.Typer()
        self.app.callback()(self.fungua)
        self.app.command()(self.kopesha)
        self.app.command()(self.ripoti)

    def fungua(self, daftari: Path = Path("kikoba.db")):
        self.daftari = Daftari(daftari)

    def kopesha(
        self,
        mwanachama: str,
        kiasi: Annotated[int, typer.Option(min=1)],
        miezi: Annotated[int, typer.Option(min=1, max=12)] = 3,
    ):
        """Andika mkopo mpya wa mwanachama."""
        self.daftari.andika_mkopo(mwanachama, kiasi, miezi)

if __name__ == "__main__":
    Kikoba().app()
```

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa jinsi inavyosomeka. Kigezo kimeandikwa mara moja tu, palepale kinapotumika. Kihariri chako kinakijua, kikaguzi cha aina kinakijua, na msaada unakijua. Methodi ya `kopesha` imebaki methodi ya kawaida: unaweza kuiita kutoka kwenye msimbo mwingine au kwenye jaribio bila kupita kwenye terminali.

Kuna la kujihadhari nalo. Skripti yenye amri moja tu haipewi jina la amri: Typer inaifanya kuwa programu nzima. Leo umeandika `kopesha` peke yake na watu wanaita `kikoba A014 --kiasi 50000`. Kesho ukiongeza `ripoti`, ghafla wanatakiwa waandike `kikoba kopesha A014...`, na kila mstari wa cron ulioandikwa jana unavunjika. Ukiwa na `callback` kama ilivyo hapo juu, jina la amri linadaiwa tangu siku ya kwanza. Iweke hata kama haina kazi ya maana bado.

## Fire: klasi yako kama ilivyo

Python Fire ilitolewa na Google mwaka 2017, na kwa urahisi haina mpinzani:

```python
import fire

class Kikoba:
    def __init__(self, daftari="kikoba.db"):
        self.daftari = Daftari(daftari)

    def kopesha(self, mwanachama, kiasi, miezi=3):
        self.daftari.andika_mkopo(mwanachama, kiasi, miezi)

fire.Fire(Kikoba)
```

Methodi zimekuwa amri ndogo, vigezo vya methodi vimekuwa vigezo vya amri, na vigezo vya `__init__` vimekuwa machaguo ya pamoja, ambayo yanakubaliwa hata mwisho wa mstari. Kwa mtazamo wa klasi tu, ndiyo njia asilia kabisa: hakuna cha kusajili, hakuna dekoreta.

Tatizo ni jinsi Fire inavyosoma thamani. Haifuati aina ulizoandika kwenye methodi. Inajaribu kuisoma kila thamani kama msimbo wa Python, na ikishindwa inaichukua kama maandishi. Kwa hiyo mwanachama namba `1100` anaingia kama namba nzima, mwanachama `A014` anaingia kama maandishi, na mwanachama `12E4` anaingia kama `120000.0`, maana kwa Python hiyo ni namba yenye kipeo. Unaweza kuzuia kwa dekoreta ya `SetParseFn` ya Fire yenyewe, lakini ukishaanza kufunga kila methodi, ule wepesi ulioufuata umekwisha.

La pili ni kwamba Fire huonyesha kila kilicho wazi kwenye obiekti, siyo methodi peke yake. Ukiwa na `self.nywila` ndani ya klasi, mtu akiandika `python kikoba.py nywila` inachapwa kwenye terminali. Kuanza jina kwa kistari cha chini huliondoa kwenye msaada, lakini usilichukulie kuwa ni kufuli.

## Mstari mmoja, majibu manne

Watu wetu huandika fedha kwa alama ya mkato (`,`): elfu hamsini ni 50,000. Mweka hazina akiizoea terminali ataandika hivyohivyo, tena bila kufikiri. Hapa ndipo tofauti za zana hizi zinapoonekana kwa macho.

| Kinachoandikwa | argparse | Click | Typer | Fire |
|---|---|---|---|---|
| `--kiasi 50,000` | inakataa | inakataa | inakataa | inapokea `(50, 0)` |
| `--daftari` baada ya jina la amri | inakataa, isipokuwa kwa `parents` | inakataa | inakataa | inakubali |
| `kikoba` bila amri | kosa, ukiweka `required` | msaada | kosa | msaada |

argparse inajibu `argument --kiasi: invalid int value: '50,000'` na kutoka na msimbo 2. Click na Typer nazo zinasema thamani si namba halali. Fire inasoma `50,000` kama jozi ya Python, hamsini na sifuri, na kuikabidhi methodi yako jozi hiyo. Kama `andika_mkopo` haihakiki chochote, kitakachofika kwenye daftari ni kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Kwa skripti inayogusa fedha za watu, mimi naona hilo linatosha kuiondoa Fire kwenye orodha.

Ukitaka mkato ukubaliwe, na ni ukarimu mzuri kwa mtumiaji, kwenye argparse ni fanksheni fupi:

```python
def fedha(s):
    return int(s.replace(",", ""))

p.add_argument("--kiasi", type=fedha, required=True)
```

Kwenye Typer fanksheni hiyohiyo inaingia kwa `typer.Option(parser=fedha)`. Kwenye Click unaipitisha moja kwa moja kama `type=fedha`. `50_000`, kwa kistari cha chini, inakubaliwa na `int` yenyewe tangu Python 3.6, ila sijui mweka hazina atakayeandika fedha namna hiyo.

## Uchague ipi

Uliza kwanza skripti itaendeshwa wapi. Kama inapelekwa kwenye seva ambayo huna ruhusa ya kusakinisha, au inanakiliwa kwa `scp` kama faili moja, chagua argparse na usisumbuke na mengine. Jambo hili limezidi kuwa na uzito tangu Debian 12 ya mwaka 2023: ukiandika `pip install` nje ya mazingira pepe unakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Kuna njia za kupita, kama `venv`, `pipx`, au kuendesha kwa `uv` skripti iliyotaja mahitaji yake juu ya faili, lakini zote zinadai kitu kiwepo kwenye seva ile kabla. argparse haidai chochote zaidi ya Python.

Kama ni mradi wenye mazingira yake, unaotunzwa na zaidi ya mtu mmoja, na timu imezoea kuandika aina kwenye methodi, Typer. Atakayekuja baada yako ataielewa klasi bila kujifunza maktaba mpya. Ujue tu kwamba inakuja na Rich kwa ajili ya rangi na majedwali, hivyo inachelewa kidogo kuamka kuliko argparse. Kwa amri inayoitwa na mtu huo ni muda usiohisiwa. Kwa amri inayoitwa na skripti nyingine ndani ya kitanzi, pima kwanza kwa `python -X importtime`.

Click peke yake naichagua pale tu ninapohitaji udhibiti wake: makundi ndani ya makundi yanayopakiwa pale tu yanapoitwa, au mradi uliokwisha kuwa ndani ya Flask, ambapo Click tayari ipo na kuleta zana ya pili ni kujiongezea mzigo. Pia ni chaguo la busara kama klasi zako ziliandikwa zamani na hutaki kuzigusa. Zile fanksheni za mlangoni zinaziacha kama zilivyo.

Fire ibaki mezani kwako. Unapojaribu klasi mpya na unataka kuiita kutoka terminali jioni hii, hakuna inayoikaribia.

Na kama skripti ya Fire tayari inatumika na watu, unaweza kuhama bila kuvunja kazi zao. Anza kwa kukusanya mistari yote inayoiita: cron, mafaili ya shell, maelekezo mliyotumiana. Angalia ni ipi inayoweka chaguo la `__init__` mwisho wa mstari, maana hiyo ndiyo itakayokataliwa na Typer na Click. Angalia pia majina: Typer hugeuza methodi `rudisha_mkopo` kuwa `rudisha-mkopo`, wakati Fire ilikuwa inakubali yote mawili, kwa hiyo pale ambapo cron imeandika kistari cha chini, taja jina waziwazi kwa `self.app.command("rudisha_mkopo")(self.rudisha_mkopo)`. Kama mistari yenye chaguo mwishoni ni mingi, hamia argparse yenye `parents` na `SUPPRESS`, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya hizo tatu itakayoikubali kwa nyongeza ya mistari michache tu.